Msiing'oe Mirunda

Kambi ya ujenzi wa bwawa
Jumatano, 3 Septemba

Mdogo wangu Mchungaji,

Pokea salamu za kaka yako, bingwa wa zege, mtu ambaye hata mvua ikitaka kunyesha inamuuliza kwanza kama amemaliza kumwaga. Mimi ni mzima isipokuwa mguu wa kushoto, ambao umo ndani ya plasta tangu wiki iliyopita. Usianze kuniombea kwa kipaza sauti, si jambo kubwa. Nilishuka ngazi kwa njia ya mkato. Wenzangu wanasema nilianguka, lakini wale wana wivu. Mtu anayeanguka hachagui pa kutua, mimi nilitua kwenye rundo la mchanga.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu huku bondeni simu haishiki hata ukipanda juu ya paa, na dereva wa saruji anapita kwenu mara mbili kwa wiki. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mnaliweka wakfu kanisa Jumapili ya tarehe 28, na askofu anakuja. Hongera sana! Najua askofu akiingia atainua macho, ataiona ile roshani ya kwaya imechomoza kutoka ukutani hatua mbili nzima, haina nguzo hata moja mbele yake, naye atauliza ni fundi gani huyu. Mwambie ni damu yako. Mwambie aliishia darasa la sita, ila darasa lenyewe halijapona mpaka leo.

Sasa nina ombi dogo. Ile mirunda niliyoiacha chini ya roshani mwezi wa pili, ile miti kumi na minne inayolishikilia zege, msiing'oe. Iacheni ilivyo. Zege la namna ile linataka muda. Kama inawakera macho, izungushieni vitambaa vyeupe na maua, wageni watadhani ni mapambo. Usiniulize sababu, maana nitakujibu kitaalamu na utaumwa kichwa.

Msalimie Dada na kwaya yake.

Kaka yako,
Profesa (jina walilonipa watu, mimi sikuomba)


Ofisi ya kanisa
Jumatatu, 8 Septemba

Kaka mkubwa, shikamoo.

Pole kwa mguu. Tumekuombea Jumapili, tena kwa kipaza sauti.

Kuhusu mirunda, Kaka, haiwezekani, na naomba unielewe. Kuing'oa ni sehemu ya ibada yenyewe. Baada ya sala ya wakfu kwaya nzima, watu arobaini na wawili, watakuwa juu ya roshani wakiimba. Wazee sita watashika nyundo, nao wataing'oa mirunda mmoja mmoja, wimbo ukiendelea, mpaka wa mwisho. Watu waone kwa macho yao kwamba tunasimama kwa imani, hatusimami kwa miti. Nimekuwa nikiliandaa jambo hili tangu Juni. Askofu amependezwa nalo. Kadi za mwaliko zimeshachapwa, na ibada yote imo ndani yake.

Nashangaa pia, niseme ukweli. Mwezi wa pili nilikuuliza, mbele ya Dada, kama tumwite injinia aitazame ile kazi kabla ya zege. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ulisema tembo wawili wanaweza kufunga ndoa juu ya roshani ile na wageni wao wakapata pa kukaa. Leo ni nini kimebadilika?

Nadhani najua. Wewe tangu mafundisho ya kipaimara ulikuwa mtu wa kuuliza. Mwalimu akisema jambo, wewe mkono juu. Mwisho ulitolewa nje na hukurudi mpaka leo, ila kwa misiba na kwa kazi. Petro alitembea juu ya maji vizuri kabisa mpaka alipoanza kuupima upepo. Kupima ndiko kulikomzamisha. Akili ni mtumishi mwema wa jikoni, Kaka, lakini haipandi madhabahuni.

Upone haraka. Ningefurahi ungekuwapo siku ile.

Mdogo wako katika Bwana,
Mchungaji


Kambini
Alhamisi, 11 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikaacha kucheka, ya tatu nikaomba maji, ya nne nikachukua kalamu.

Unataka kuwapandisha watu arobaini na wawili juu, halafu uwang'olee miti huku wanaimba? Mdogo wangu, mimi nimefanya mambo ya ajabu duniani. Nimewahi kumposa binti wa askari magereza nikiwa ndani ya gereza lake. Lakini hili lako limenishinda.

Hebu tazama tulivyo. Wewe una vyeti mpaka ukuta wa sebule umechoka kuvibeba, nawe ndiye unayenikataza kufikiri. Mimi wa darasa la sita ndiye ninayekusihi ufikiri. Mtu akitusikia atadhani tumebadilishana suruali.

Haya, twende kwenye Maandiko yako, mimi nayakumbuka zaidi ya unavyodhani. Nuhu alipoambiwa ajenge, aliambiwa aamini tu? Alipewa vipimo! Urefu, upana, kimo, lami ndani na nje. Angesema mimi naamini, lami ya nini, leo tusingekuwapo wa kuandikiana barua. Na ile amri kubwa inayomtaka mtu ampende Mungu, imetaja moyo na roho ikanyamaza? Imetaja akili pia. Mimi nilidhani siku zote kwamba pale ndipo nilipoachiwa mlango wangu mdogo. Na huyo Petro wako, alipoanza kuzama alitumia akili akapiga kelele. Asingepiga kelele angekuwa mtume wa samaki.

Huku tuna injinia, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya filimbi. Jumapili yeye ndiye anayetuongoza ibada kambini, mimi nakaa nyuma kwa ajili ya mguu tu, usifurahi sana. Kila kabla ya kumwaga zege anafumba macho, midomo inamcheza, halafu anafumbua anachukua futi na kupima. Siku moja nikamchokoza: Mama, unamwomba Mungu halafu unampima? Akanijibu, "Mungu simpimi, Profesa. Najipima mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeweza kukosea."

Basi mwite mtu mwenye ujuzi aitazame roshani, nusu saa tu. Sisemi kuna kosa. Kazi yangu haina kosa, unanijua. Nasema tu kwamba zege ni zege, nalo halijasoma kadi yako ya mwaliko.

Msiing'oe.

Kaka yako,
Profesa


Nyumbani
Jumatatu, 15 Septemba

Kaka, shikamoo.

Ni mimi dada yako, nakuandikia kwenye meza ya jikoni, madaftari ya kwaya yamenizunguka. Sitazunguka sana, unajua mimi siyo mtu wa mapambo.

Jana Mchungaji alisoma kipande cha barua yako mimbarini. Hakukutaja, alisema ni "ndugu mmoja aliyesongwa na mashaka". Lakini alipofika kwenye mtume wa samaki kanisa zima likajua ni wewe, na watu wakacheka mpaka mzee wa kanisa akadondosha miwani. Halafu yeye akakunja karatasi, akasema hivi ndivyo akili inavyomfanyia mtu mwerevu, inampa maneno na kumnyima amani. Watu wakasema amina. Mimi sikuisema. Nilikuwa natazama macho yake. Yalikuwa yanainuka kwenye roshani kila baada ya sentensi, Kaka, na yule mtoto wa mama yetu hajawahi kuacha kututazama usoni akihubiri.

Tunafanya mazoezi juu ya roshani Jumanne na Ijumaa. Sote arobaini na wawili, na yule wa besi tunayemwita Treni, ambaye peke yake ni watatu. Inatulia tu, lakini mirunda ipo chini.

Ijumaa nilitangulia. Nikamkuta Mchungaji juu kule peke yake, amepiga magoti pale sakafu ya roshani inapokutana na ukuta. Nikadhani anaomba, nikataka kurudi. Kumbe alikuwa anapitisha kidole sakafuni, kutoka kona hadi kona, kama mtu anayesoma. Aliponiona akasimama haraka, akaniambia amedondosha kalamu. Hapakuwa na kalamu. Na pale sakafuni palikuwa na harufu ya rangi mbichi, wakati wapaka rangi walimaliza Julai.

Sasa nakuuliza wewe, maana yeye hanijibu. Wewe ukiwa na uhakika huwa unapiga domo. Unasema mimi bingwa, mimi simba, mwiteni rais aje aone. Katika barua ile uliyomwandikia, amenionyesha, uliandika "sisemi kuna kosa". Wewe? Wewe ambaye hata supu ukiikoroga unaisifu? Kaka, unajua jambo. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wale watu na kuinua mkono waanze kuimba. Wana watoto nyumbani. Niambie.

Dada yako,
Mwalimu wa kwaya


Kambini
Alhamisi, 18 Septemba

Wadogo zangu wote wawili,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, kila mmoja bahasha yake, asije mmoja akamsomea mwenzake nusu.

Dada amenishika. Nimejaribu kutafuta mzaha wa kuanzia, sijaupata.

Kosa lipo na ni langu.

Chukueni ubao, muulaze juu ya matofali mawili, mmoja wenu asimame katikati. Utapinda, na ukichanika utaanza kuchanika upande wa chini. Ndiyo sababu boriti ya kawaida nondo zake nene tunazilaza chini, zikamate pale panapotaka kuchanika. Nimelaza nondo hivyo miaka ishirini na miwili. Mikono yangu inalaza yenyewe hata nikiwa napiga soga.

Sasa chukueni ubao huohuo, ubaneni mwisho mmoja ukutani, na mtu asimame kwenye ncha ya pili, hewani. Utachanika wapi? Juu. Pale karibu na ukuta, upande wa juu. Roshani ile ndivyo ilivyo. Nondo zake zilitakiwa zipite juu. Mimi nilizilaza zote chini. Juu hakuna kitu, ni zege tupu. Inasimama kwa sababu ya mirunda, na kwa sababu ya ukaidi wa saruji, ambao haudumu.

Nilijua lini? Jumatatu ya tarehe 25 Agosti. Tulikuwa tunafunga nondo za kibaraza cha nyumba ya mitambo, nacho kinachomoza vilevile. Mama injinia akaja akatazama kazi yangu, akasema, "Profesa, hizi zimelala usingizi. Zipandishe juu." Nikambishia mbele ya watu ishirini. Nikamwambia nilijenga roshani ya kanisa namna hiihii na malaika wanaimba juu yake. Hakugomba. Akachukua mche wa sabuni, akaubana kwenye ukingo wa meza, akakandamiza ncha. Ukapasuka kuanzia juu. Watu wakacheka. Mimi nikapanda ngazi ili nijifanye nina kazi, na nikiwa pale juu ndipo nilipoiona sabuni ile ikiwa na watu wetu juu yake. Hivyo ndivyo nilivyoanguka. Sikuteleza.

Kwa nini sikusema tangu mwanzo? Nilitaka mniachie mirunda bila kuniachia aibu. Nina nini kingine mimi? Mke aliondoka, shule niliiacha, kanisa liliniacha. Nina jina tu. Mtu akisema Profesa, watu wanatoka nje kuona. Nikasema nitaligeuza kwa maneno, kama kawaida, halafu mguu ukipona nitakuja kimyakimya nirekebishe. Kumbe yule wa kuniamini nimemzoeza miaka yote kwamba maneno yangu ni ngoma tu.

Mchungaji, hapa sibishani juu ya Mungu. Anaweza kuishika roshani ile kwa kidole kimoja, sina shaka. Ninachosema ni kwamba amekwisha kuwaambia watu wawili kwamba haitasimama, mama mmoja mwenye rula na mpumbavu mmoja mwenye plasta. Unataka akuambie kwa nani mwingine?

Mguu haukubali safari na dereva amekatazwa kubeba abiria, nimeshamwomba mara tatu. Nina karatasi hii tu. Washusheni watu.

Kaka yenu


Ofisi ya kanisa
Jumatatu, 22 Septemba

Kaka,

Bahasha zote mbili zililetwa hapa ofisini. Yangu nimeisoma. Ya Dada nimeifungia kwenye droo. Akiisoma leo kwaya nzima itajua kesho, na keshokutwa hatutakuwa na ibada bali mkutano wa hadhara.

Wageni mia tatu. Askofu anafika Jumamosi. Wazee wameshafunga vitambaa kwenye nyundo. Ningewaambia nini sasa? Kwamba miezi mitatu nimewahubiria kusimama kwa imani, halafu nimeletewa habari ya sabuni?

Mtu akianza kurudi nyuma kwa ajili ya sababu moja nzuri, kesho ataipata ya pili. Nimeona wenzangu chuoni walivyoanza kwa maswali ya haki kabisa, wakaishia bila sala. Niliapa kwamba mimi sitafungua mlango ule hata ufa.

Nitaomba. Siku sita ni nyingi.

Swali moja tu, la kawaida, usilipe uzito. Kama ungekuwa umesema kweli, ufa ungetokea ukiwa mwembamba au mpana? Na ungekwenda sambamba na ukuta?

Mchungaji


Kambini
Alhamisi, 25 Septemba

Mdogo wangu,

Mwembamba kama uzi. Sambamba na ukuta, kona hadi kona, upande wa juu. Mirunda labda imedidimia kidogo ardhini kwa mvua, ndipo ukajitokeza.

Umeuona. Umeuona na umeupaka rangi.

Sikutukani. Mimi nilifunika nondo kwa maneno, wewe umefunika ufa kwa rangi, tumetoka tumbo moja na kazi zetu zinafanana. Lakini mtu asiyefikiri haulizi upana wa ufa. Wewe umekuwa ukifikiri peke yako usiku na mchana, halafu ukipanda mimbarini unawapiga viboko wenzako kwa kufikiri. Pole sana. Lazima umechoka.

Ukiuliza swali humfukuzi Mungu ofisini. Unadhani atakimbia? Amevumilia mahubiri yako ya saa mbili.

Soma barua yangu ya tarehe 18 mbele yao wote. Nitaje jina, kazi, darasa la sita, kila kitu. Niite mwongo, niite muuaji. Nakupa ruhusa kwa maandishi, hii hapa, na sahihi yangu. Mimi nitalibeba.

Mpe Dada bahasha yake.

Kaka yako


Kambini
Jumapili, 28 Septemba, saa nne asubuhi

Mdogo wangu,

Hii haina wa kuipeleka mpaka keshokutwa. Naandika kwa sababu mikono haina kazi.

Sasa hivi mmemaliza maandamano. Askofu ameketi. Sijui kama barua yangu ya Alhamisi ilifika. Dereva aliondoka Ijumaa asubuhi na mvua.

Wenzangu wako kwenye ibada upande wa pili wa karakana, nasikia wanaimba. Nimeshindwa kwenda. Nilijaribu kuomba hapa kitandani na nikakosa maneno, mimi! Nikachukua penseli. Nikaanza na Treni, kilo mia na kumi. Nikaja kwa Dada, sabini, asiniue. Yule mshona viatu wa sauti ya kwanza ambaye upepo unambeba, hamsini. Wale mapacha wa sauti ya pili. Mjane anayeuza mitumba. Yule mwenye mimba, nikamwandika mara mbili, yeye na wa ndani. Nikawapitia wote arobaini na wawili, nikiwaona nyuso. Nikafika kilo elfu mbili mia saba na hamsini, bila kuhesabu viatu. Nikazigawa kwa zege la roshani, lisilo na nondo juu. Haibebi. Nikasema labda nimekosea, nikaanza tena kutoka kwa Treni. Haibebi. Nikaanza tena.

Sasa ni mara ya tano. Kila nikifika kwa mtu naandika uzito wake na siwezi kuhamia kwa mwingine mpaka niseme, Mungu, umwone huyu. Sijui hii inaitwaje. Wewe umesoma. Ni sala, au ni hesabu tu?

Wameacha kuimba huku kwetu. Huko kwenu sasa ndiyo wanashika nyundo.


Ofisi ya kanisa
Jumatano, 1 Oktoba

Kaka mkubwa, shikamoo.

Wako wazima wote. Naandika hilo kwanza.

Barua yako ya Alhamisi haikufika. Lori lilikwama kwenye tope siku mbili, nimeipata Jumatatu mchana. Kwa hiyo Jumapili nilikuwa peke yangu na ile ya tarehe 18, mfukoni, chini ya kanzu.

Nilikuwa nimeamua kuendelea. Sitakuficha. Kwaya ilipanda, sala ikasomwa, Dada akainua mkono, wakaanza kuimba. Mzee wa kwanza akapiga nyundo, mrunda wa kwanza ukaanguka, watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimesimama chini, nimeinua uso. Kutoka ubavuni mwa roshani, pale ule mstari unapoishia ukingoni, lilidondoka vumbi jembamba, likapita kwenye mwanga wa dirisha, likanitua mkononi. Lilikuwa jeupe. Ilikuwa rangi yangu.

Nimehubiri imani miaka kumi na moja. Saa ile nilitafuta imani ndani yangu ya kusema endeleeni, nikakuta hakuna. Kilichokuwapo ni kadi ya mwaliko. Nilikuwa siogopi kumkosea Mungu, Kaka, nilikuwa naogopa kuaibika mbele ya wageni, na kitu hicho nilikuwa nakiita imani. Nikapiga kelele: "Simameni! Wazee, wekeni nyundo chini!" Wimbo ukakatika. Nikamwambia Dada awashushe watatu watatu, polepole, bila kukimbia. Alinitazama mara moja tu, akaanza kuwashusha. Ilichukua muda mrefu kuliko ibada yoyote niliyowahi kuongoza. Treni alishuka wa mwisho, amevua viatu.

Ndipo nikapanda mimbarini na kuwaambia kuhusu ufa. Nilisema niliuona tarehe 4, nikaupaka rangi tarehe 12, na Jumapili iliyofuata nikahubiri dhidi ya mashaka. Hakuna aliyesema amina. Askofu akauliza, "Huo ufa uko wapi?" Akapanda ngazi ya fundi umeme, mzee wa miaka sabini, akakwangua rangi kwa ufunguo wa gari lake. Akashuka, akanifuta vumbi mkononi kwa leso yake. Akasema tu tuifunge ibada kwa ukimya.

Barua yako sikuisoma. Nilisema fundi alikuwa ameonya nami sikusikia. Makosa ya nondo sikuyataja, kwa sababu ruhusa yako ilikuwa kwenye tope.

Jumatatu kulikuwa na wazee waliosema nimemdhalilisha Mungu, roshani ile ingesimama. Sikubishana nao. Nikawaambia tumuulize. Tukaurudisha ule mrunda ulioanguka, tukapandisha mifuko ya mchanga kidogo kidogo, sawa na uzito wa kwaya, Dada akiandika. Tukafunga kamba kwenye kila mrunda, tukatoka nje wote, tukaanza kuvuta kupitia mlangoni. Wa kwanza. Wa tano. Wa nane. Mzee mmoja akaanza kucheka, akaniambia, "Umeona, Mchungaji?" Tulipovuta wa tisa ilianguka yote kwa pamoja. Haikutoa onyo, hata mlio mdogo. Vumbi lilitoka mlangoni mpaka barabarani. Yule mzee alikaa chini palepale. Mkewe anaimba sauti ya pili.

Dada alisoma bahasha yake jana. Nilimpa mwenyewe. Hajazungumza nami tangu wakati huo, na ana haki. Ya Jumapili, ile ya hesabu, imefika leo. Umeniuliza swali. Zamani ningekujibu papo hapo. Sasa nimelibeba tangu asubuhi na bado ninalo.

Kanisa linataka kujua kwa nini ilianguka. Wananiuliza mimi na ninaweza kuwaambia, ruhusa ninayo sasa. Lakini sitaki kuisoma barua yako tena mimbarini, nimeshaisoma vibaya mara moja. Waambie wewe. Wamekubali kukusikiliza. Kukusamehe bado, hilo sikuahidi. Kama yule mama injinia anaweza kuja nawe, tutamlipia nauli.

Mdogo wako


Kambini
Jumamosi, 4 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimeisoma. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa, na wenzangu niliwaambia ni vumbi la saruji. Hawakuamini.

Plasta inatolewa Alhamisi. Mama injinia amekubali, anakuja na ramani, na ameniambia mimi nitafunga nondo na yeye atakagua kila moja kabla ya zege. Nikasema sawa, Mama. Hakuna aliyewahi kunisikia nikisema hivyo, mmoja wa vibarua aliniuliza kama nina homa.

Dada mwache. Akiwa tayari atatupiga wote wawili na itakuwa imekwisha.

Jumapili ya tarehe 12 nitasimama mbele yao. Nimepanda majengo ambayo ndege wanayakwepa, lakini hatua zile tatu za mbele ya kanisa lako zinanitisha. Waambie wazee waweke kiti, mguu bado mbovu. Wasipige makofi. Nimeandaa hotuba, nikaifuta, nikaandaa nyingine, nayo nikaifuta. Limebaki neno moja la kuanzia, ambalo kwa miaka ishirini na miwili ya kazi sijawahi kulitamka mbele ya mtu yeyote.

Nitawaambia: sikujua.

Kaka yako